Kujua, Kushuhudia na Kutangaza: Wajuzi wa Anga na Mamlaka ya Dini, kutoka Roma hadi Gisenyi

Ikisiri

Historia ya mvutano kati ya wajuzi wa anga na mamlaka ya dini husimuliwa mara nyingi kupitia kesi moja, ile ya Galileo Galilei ya mwaka 1633, na husimuliwa kama pambano la ukweli na ujinga. Makala haya yanaisoma upya historia hiyo kutoka Gisenyi, mji wa mpakani ambako tangazo la mwezi mwandamo huweza kuwafikia wakazi kutoka pande zaidi ya moja. Hoja inayojengwa ni kwamba mvutano huo hauwezi kueleweka bila kutenganisha matendo matatu: kujua kinachotokea angani, kushuhudia kwa macho, na kutangaza kwa umma. Kesi za Roma, Istanbul na Rwanda ya enzi ya Musinga zinaonyesha kwamba ugomvi hupamba moto pale mwenye tendo moja anapodai na la mwenzake. Makala yanaonyesha pia kwamba msamiati wa Kiswahili, hasa neno unajimu na kitenzi kuonekana, huyafunika matendo hayo, na yanapendekeza hatua za kiistilahi na kisera.

1.0 Utangulizi

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, ukiwa umeshikana na mji wa Goma kiasi kwamba anayevuka kizuizi cha mpaka huwa ametoka mtaa mmoja na kuingia mwingine. Mwislamu wa Gisenyi anayetoka jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Shabani kutafuta hilali hulazimika kutazama magharibi, kwa kuwa mwezi mchanga huonekana upande huo kwa muda mfupi tu baada ya jua kuchwa. Magharibi ya Gisenyi ni Goma na maji ya ziwa. Anga anayoitazama, kwa maneno mengine, imetanda juu ya nchi nyingine. Kaskazini hufuka moshi wa volkano ya Nyiragongo, na katika miezi ya mvua mawingu huweza kuufunika upeo wote kwa siku kadhaa mfululizo.

Tangazo la kuanza kufunga humfikia mtu huyo kutoka kwa uongozi wa Waislamu ulioko Kigali. Jirani yake wa ng'ambo, ambaye pengine ni shemeji yake au mteja wake wa kila asubuhi, humsikiliza kiongozi wa upande wa Kongo. Simu zao wote wawili huwaletea habari za Makka, Mombasa na Zanzibar kabla hawajamaliza futari. Ikiwa matangazo hayo yanatofautiana, mji ambao kwa shughuli za kila siku ni mmoja hujikuta una Idi mbili. Jambo hilo linagusa ndoa, biashara, shule na ajira. Linagusa pia hadhi ya taasisi, kwa sababu swali la siku ya Idi hugeuka haraka kuwa swali la nani anastahili kutiiwa.

Hali hiyo huelezwa kwa wepesi kuwa ni mgongano wa sayansi na dini. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Yanapendekeza kutenganisha matendo matatu. La kwanza ni kujua: kukokotoa au kukumbuka mwenendo wa mwezi, jua na nyota. La pili ni kushuhudia: kuona kwa macho na kutoa ushahidi. La tatu ni kutangaza: kuuambia umma kwamba wakati fulani umeingia, ili watu wafunge, wafuturu, wapande au wavune. Kila tendo lina mwenyewe na lina namna yake ya kuthibitishwa. Sehemu zinazofuata zinafuatilia matendo hayo katika Roma na Istanbul, kisha katika Rwanda ya mwanzo wa karne ya 20, kabla ya kurejea kwenye hilali ya mpakani na lugha inayoitangaza.

2.0 Roma na Istanbul: kesi mbili zinazofahamika nusu

Mwaka 1543 Nicolaus Copernicus alichapisha kitabu kilichoweka jua katikati na kuifanya dunia kuwa sayari inayozunguka. Kwa zaidi ya miaka 70 kitabu hicho kilisomwa bila kupigwa marufuku na Roma. Katika kipindi hichohicho Kanisa Katoliki lenyewe lilikuwa mteja mkubwa wa elimu ya anga. Kalenda ya zamani ilikuwa imepotoka, na siku ya Pasaka, ambayo hutegemea mwezi na majira, ilikuwa inahama mahali pake. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alitangaza kalenda mpya iliyotokana na kazi ya wanahesabu, akiwemo Mjesuiti Christoph Clavius. Siku 10 zikafutwa: baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. Hapakuwa na ugomvi kati ya Papa na wanahesabu wake, kwa kuwa mipaka ilikuwa wazi. Wao walijua, naye alitangaza.

Galileo aliuvuka mpaka huo. Mwaka 1610 alichapisha aliyoyaona kwa darubini: milima ya mwezi na miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Baadaye akaona pia kwamba sayari ya Zuhura hubadilika sura kama mwezi unavyobadilika. Alikuwa shahidi wa kipekee, na ushahidi wake ulikubaliwa hata na Wajesuiti wa Roma. Tatizo lilianza alipoingia katika suala la namna ya kuyasoma Maandiko Matakatifu yanaposema kuhusu jua na dunia. Kadinali Roberto Bellarmino aliandika mwaka 1615 kwamba, kama pangekuwa na uthibitisho wa kweli wa mwendo wa dunia, ingebidi Maandiko yafasiriwe upya kwa uangalifu, ila yeye hakuwa ameonyeshwa uthibitisho huo. Kwa upande wa elimu, kauli hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hoja ambayo Galileo aliitegemea zaidi, ya kujaa na kupwa kwa maji ya bahari, haikuwa sahihi, na kusogea kwa nyota kunakosababishwa na mwendo wa dunia hakukupimwa hadi mwaka 1838. Hata hivyo, mwaka 1616 Kanisa lilikwenda mbali zaidi ya kudai uthibitisho. Lilikizuia kitabu cha Copernicus hadi kisahihishwe, na kwa kufanya hivyo likajitwalia tendo la kwanza, la kujua, ambalo halikuwa lake.

Kuna jambo la lugha katika kesi hii ambalo halitajwi vya kutosha. Kitabu kilichomfikisha Galileo mahakamani, kilichotoka mwaka 1632, kiliandikwa kwa Kiitaliano, wakati Copernicus alikuwa ameandika kwa Kilatini. Maarifa yaliyokuwa yakijadiliwa na wasomi wachache yakaingia sokoni na sebuleni. Kuandika kwa lugha ya watu ni aina ya kutangaza. Tarehe 22 Juni 1633 Galileo alilazimishwa kukana msimamo wake, akaishi katika kifungo cha nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642.

Kesi ya Istanbul inatangulia hiyo kwa nusu karne. Mwaka 1577 mwanafalaki Taqi al-Din alikamilisha jengo la kuchunguzia nyota kwa fedha za Sultani Murad wa 3. Mwaka huohuo nyota yenye mkia ilionekana, na Taqi al-Din, akiwa mkuu wa wanajimu wa Sultani, alitakiwa aseme inaashiria nini. Akaitabiri kuwa heri kwa dola. Yaliyofuata hayakuwa heri tupu, na mwaka 1580 jengo lilibomolewa kwa amri ya Sultani, huku Sheikh al-Islam wa wakati huo akishikilia kwamba kupekua siri za mbingu huleta mikosi.

Tukio hilo huorodheshwa kama ushahidi kwamba dini iliua falaki. Lakini katika ulimwengu huohuo wa Kiislamu, misikiti mikubwa ilimwajiri muwaqqit, mtaalamu wa kukokotoa nyakati za sala na mwelekeo wa kibla. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya wa Damascus, na mifano yake ya mwendo wa sayari ni miongoni mwa iliyo bora ya enzi zake. Hakuna aliyemsumbua. Tofauti yake na Taqi al-Din haikuwa ya kiwango cha elimu. Muwaqqit alikokotoa na kunyamaza hadi adhana ilipotolewa na mwenye kuitoa. Mkuu wa wanajimu alitakiwa kutangaza yajayo, na utabiri ulipokwenda kombo, kifaa cha kupimia kilibomolewa pamoja na utabiri.

3.0 Rwanda: mwezi wa ikulu na kalenda ya misheni

Katika Rwanda ya wafalme, elimu ya wakati ilikuwa chini ya abiru, watunzaji wa ubwiru, yaani mapokeo ya siri ya ufalme. Abiru hawakuwa wanafalaki kwa maana ya kupima pembe na kuandika majedwali. Walikuwa wahifadhi wa matambiko yaliyogawanywa katika njia, ambazo kwa Kinyarwanda huitwa inzira, na kila njia ilihifadhiwa kwa kichwa, neno kwa neno. Baadhi ya njia hizo zilifungwa kwenye mwezi na majira. Gicurasi ulikuwa mwezi wa maombolezo ya kifalme, kwa kumbukumbu ya kuuawa kwa Mfalme Ndahiro Cyamatare. Umuganura, sherehe ya malimbuko ya mtama na ulezi, ilikuwa na wakati wake, na kabla ya ikulu kuonja mavuno mapya watu hawakuwa huru kuyala hadharani.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Miezi 12 ya mwandamo hufikisha takriban siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Jamii inayohesabu kwa mwezi na kulima kwa mvua haina budi kuwa na mtu wa kupatanisha hesabu hizo mbili, la sivyo baada ya miaka michache mwezi wa kupanda huangukia kiangazi. Mwaka wa Kinyarwanda ulianza na Nzeri, mvua zinaporejea. Kuuweka mwaka mahali pake kulihitaji kuangalia anga, udongo na mimea kwa pamoja. Wajuzi wa namna hiyo hawakuwa wa Rwanda pekee. Katika pwani ya Waswahili mwaka wa Nairuzi wa siku 365 ulihesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku 10, na kundi la nyota linaloitwa Kilimia limechukua jina lake kutoka kitenzi kulima.

Wamisionari wa Shirika la Mapadre Weupe walifungua misheni ya Save mwaka 1900 na ya Nyundo, karibu na Gisenyi, mwaka 1901. Pamoja na Injili walileta kalenda ya mwaka 1582, yenye Jumapili zake, Kwaresima yake na sikukuu za watakatifu. Kwa muda kalenda hizo mbili ziliishi sambamba. Mwaka 1917, chini ya utawala wa Wabelgiji, Mfalme Yuhi Musinga alitia saini hati ya uhuru wa dini. Mwaka 1925 utawala huo ulimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa abiru na mwenye dhamana ya umuganura, na sherehe yenyewe ikapigwa marufuku. Mwaka 1931 Musinga mwenyewe, ambaye alikataa kubatizwa, aliondolewa madarakani, na Askofu Léon Classe wa Kabgayi aliunga mkono kwa nguvu uamuzi huo. Mwanawe, Mutara Rudahigwa, alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme.

Ukilinganisha na Roma, kesi hii ina sura tofauti. Gashamura hakuhojiwa kuhusu nadharia yoyote, wala hakutakiwa kukana lolote kuhusu mwezi. Aliondolewa kwenye nafasi ya kutangaza, na hilo likatosha. Maarifa yaliyokuwa ndani ya tambiko hayakuhitaji kukanushwa, kwa sababu hayakuwahi kuitwa maarifa. Yaliwekwa katika fungu la upagani, na yakafutwa pamoja na fungu zima. Galileo alishtakiwa kama mtu anayejua vibaya. Abiru walinyimwa hata hadhi ya kuwa watu wanaojua kitu.

Lugha imehifadhi alama za mabadiliko hayo. Majina ya miezi ya mwandamo, Mutarama, Gashyantare, Werurwe, Mata, Gicurasi na mengine, hayakufa. Shuleni, kanisani na ofisini yalivalishwa miezi ya kalenda mpya, na leo Mutarama ni Januari. Neno ukwezi, kama mwezi wa Kiswahili, bado linataja kitu cha angani na kipindi cha wakati, ila kipindi hicho hakianzi tena kitu hicho kinapoonekana. Umuganura nayo ilirejeshwa kuwa sherehe ya taifa mwaka 2011 na huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Tambiko limerudi kwa heshima, lakini siku yake hupangwa kwa kalenda ya mwaka 1582, na mwezi wa angani hauulizwi.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuligawa jambo hili kati ya Kanisa linalofuta na wenyeji wanaofutiwa. Padri Alexis Kagame, kwa idhini ya Rudahigwa, aliwashawishi abiru kuyatoa mapokeo yao ili yaandikwe, na mwaka 1947 akachapisha uchambuzi wake wa ubwiru. Kagame ndiye pia aliyetumia hesabu za wanafalaki kuupa ufalme tarehe. Mapokeo yalikumbuka kupatwa kwa jua mwanzoni mwa enzi ya Mibambwe Sentabyo. Kagame alilihusisha tukio hilo na kupatwa kwa mwaka 1741, na watafiti waliomfuata wakalisogeza hadi miaka ya 1790. Tofauti ya nusu karne si ndogo, lakini mjadala wenyewe uliwezekana kwa kuwa watu wa ikulu walishuhudia, na kumbukumbu yao ikahifadhiwa. Karibu zaidi na Gisenyi, Aloys Bigirumwami, aliyepewa uaskofu wa Nyundo mwaka 1952, alitumia miaka mingi kukusanya na kuchapisha kwa Kinyarwanda mila, miiko na matambiko ambayo watangulizi wake katika misheni waliyaita giza. Mamlaka ya dini, kama inavyoonekana, si mtu mmoja mwenye sauti moja.

4.0 Hilali ya mpakani

Uislamu uliingia Gisenyi pamoja na wafanyabiashara na askari waliozungumza Kiswahili, na kwa muda mrefu katika macho ya wengi Mswahili na Mwislamu walikuwa mtu mmoja. Katika jamii hiyo suala la mwandamo lina msingi wa kisheria unaojulikana: mafundisho ya Mtume yanaagiza kufunga kwa kuuona mwezi na kufuturu kwa kuuona, na anga ikifunikwa, kukamilisha siku 30. Tendo lililopewa uzito hapo ni kushuhudia.

Falaki ya leo inaweza kusema kwa dakika ni lini mwezi hupita kati ya dunia na jua, tukio ambalo wengi huliita kuzaliwa kwa mwezi. Inajulikana pia kwamba wastani wa mwezi mwandamo ni siku 29.53, na kwamba mwezi ulio karibu na jua kwa chini ya takriban digrii 7 hauonekani na jicho la mtu yeyote. Kuzaliwa kwa mwezi ni jambo moja kwa dunia nzima. Kuonekana kwake hutofautiana kati ya mahali na mahali, na kwa kawaida huwa rahisi zaidi kadiri mtu anavyokwenda magharibi, kwa sababu mwezi huwa umepata saa zaidi za kujitenga na jua. Hivyo hilali isiyoonekana pwani ya Kenya huweza kuonekana kwenye Ziwa Kivu jioni hiyohiyo, ikiwa mawingu yataruhusu.

Wanazuoni wamekuwa na misimamo mbalimbali kuhusu hesabu. Taqi al-Din al-Subki, aliyefariki mwaka 1355, alishikilia kwamba shahidi anayedai kuuona mwezi ambao hesabu inaonyesha hauwezi kuonekana asikubaliwe. Katika msimamo huo hesabu haitangazi mwezi, inachuja ushahidi. Mwaka 2006 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilikwenda mbele zaidi na kupokea hesabu kama msingi wa kupanga kalenda. Katika Afrika Mashariki mjadala mkali umekuwa kati ya wanaofuata mwandamo wa nchi au eneo lao na wanaokubali mwandamo wa popote duniani. Wa kwanza hutaja tofauti ya upeo, wa pili umoja wa umma.

Kundi hili la pili huonekana la kisasa kwa sababu hutegemea simu na setilaiti, na lile la kwanza huonekana la kale. Ukweli ni kwamba hakuna kati yao lenye hati miliki ya sayansi. Falaki haiwezi kuamua kama mwezi ulioonekana Makka unamlazimu mtu wa Gisenyi, kwa kuwa hilo ni swali la fiqhi. Wala fiqhi haiwezi kuufanya uonekane mwezi ambao bado haujajitenga na jua. Kinachobishaniwa katika misikiti ya mpakani ni tendo la tatu: nani atangaze, kwa ajili ya nani, na mpaka wa tangazo uwe wapi. Mpaka wa dola unapotumiwa kuwa mpaka wa mwandamo, Gisenyi na Kigali huwa na mwezi mmoja, na Gisenyi na Goma huwa na miwili, ingawa hilali ya Gisenyi hutafutwa juu ya Goma.

Ulinganisho mmoja wa ndani ya Rwanda unasaidia hapa. Kalenda ya mapumziko ya serikali ina sikukuu zinazotegemea mwezi kwa njia mbili. Pasaka hufuata mwezi wa hesabu, kwa kanuni ambazo mizizi yake inarudi hadi Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, na hakuna Mkristo wa Rubavu anayetoka nje kutafuta mwezi ili ajue Ijumaa Kuu itakuwa lini. Idi mbili za Waislamu hufuata tangazo la mwandamo. Kanisa lililomhukumu Galileo ndilo lililokuwa limeukabidhi mwezi wake kwa wanahesabu karne nyingi kabla. Kwa hiyo kuikabili hesabu au kuikubali si tabia ya kudumu ya dini fulani. Ni makubaliano ya kihistoria kuhusu nani afanye tendo lipi.

5.0 Lugha inayofunika

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya anga, lakini maneno mawili yanastahili uchunguzi katika mjadala huu. La kwanza ni unajimu. Kamusi huliweka kwa maana ya elimu ya nyota, na papo hapo kwa maana ya utabiri kwa kutumia nyota. Mnajimu wa magazetini ni mtabiri, na mnajimu wa kitabu cha sayansi ni mtafiti. Neno falaki lingeweza kutenganisha, lakini nalo limeguswa na utata huohuo, kwa kuwa kupiga falaki ni kutabiri. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayeambiwa dini inakataza unajimu hana njia ya lugha ya kujua ni kipi kinachokatazwa. Utata huo ndio uliombomolea Taqi al-Din jengo lake: mtu mmoja, cheo kimoja, kazi mbili.

La pili ni kuonekana. Matangazo mengi husema mwezi umeonekana au mwezi umeandama. Katika umbo la kwanza kitenzi kiko katika kauli ya kutendeka, ambayo haihitaji kumtaja mtenda. Katika la pili mwezi wenyewe ndio mtenda. Hakuna kati ya maumbo hayo linalomlazimisha msemaji kueleza nani aliona, wapi na saa ngapi. Sarufi ina njia nyingine: kauli ya kutendwa, kama katika mwezi umeonwa na watu fulani mahali fulani. Umbo hilo halisikiki sana, na si ajabu, kwa kuwa linafungua mlango wa kuulizwa. Tangazo linalotumia kauli ya kutendeka humeza tendo la pili ndani ya tendo la tatu. Msikilizaji hupewa hukumu bila shahidi, kisha hulaumiwa kwa kutokuwa na imani anapomtafuta.

Suala hili si la wanasarufi peke yao. Kiswahili kilipitishwa na Bunge la Rwanda kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sasa pande zote mbili za kizuizi cha Gisenyi ziko ndani ya jumuiya hiyo, na lugha ambayo wakazi wake huitumia sokoni ndiyo inayotarajiwa kubeba sayansi shuleni. Istilahi zisizotenganisha mtafiti na mtabiri zitaubeba ugomvi wa zamani na kuuingiza katika vitabu vipya.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kesi zilizochunguzwa zinaonyesha kwamba wajuzi wa anga na mamlaka ya dini wameishi kwa amani kwa vipindi virefu kuliko walivyogombana. Amani ilidumu pale kujua, kushuhudia na kutangaza kulipokuwa na wenyewe waliotambuana. Ilivunjika pale mtangazaji alipotaka kuamua kinachojulikana, kama Roma mwaka 1616, au mjuzi alipofanywa mtangazaji wa yajayo, kama Istanbul mwaka 1577. Kesi ya Rwanda inaongeza onyo ambalo simulizi ya Galileo haina: maarifa yanaweza kupotea bila kukanushwa hata mara moja, ikiwa aliyeyabeba atanyang'anywa nafasi ya kutangaza na alichokibeba kikapewa jina lisilo la maarifa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, itenge istilahi: unajimu ubaki kwa utabiri wa nyota, na falaki au elimu ya anga itumike kwa sayansi, kwa uthabiti, katika vitabu vya shule na vyombo vya habari. Pili, taasisi za Kiislamu za pande mbili za mpaka zikubaliane juu ya muundo wa tangazo la mwandamo wenye sehemu tatu zilizotajwa waziwazi: saa ya kuzaliwa kwa mwezi kwa mujibu wa hesabu, mashahidi na mahali walipoona, na uamuzi wa mwenye mamlaka pamoja na eneo linalohusika. Muundo huo haumlazimishi yeyote kubadili msimamo wake wa fiqhi. Unamwezesha msikilizaji kujua tofauti imeingilia wapi. Tatu, vyuo vikuu vya eneo hili vikusanye kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda elimu ya majira iliyobaki kwa wakulima na wavuvi wa Ziwa Kivu, na kuiingiza katika historia ya sayansi kwa jina hilo.

Hata hayo yote yakitekelezwa, huenda bado Gisenyi na Goma zikasali Idi siku mbili tofauti. Tofauti ya rai ilikuwapo kabla ya mpaka na itaendelea kuwapo. Lakini atakayefunga na atakayekula siku hiyo wataweza kuelezana sababu kwa lugha moja, bila mmoja kumwita mwenzake mjinga wala mwingine kumwita asiye na dini.